Tarumbeta Niliyoisikia Ng'ambo ya Mto

Makaburi arobaini

Kwa mwaka mzima na ushee niliamini, tena kwa moyo wangu wote, kwamba Wakristo Wamoraviani waliohamia porini kule mbele ya Ushirombo walikuwa wanaita kifo kwa tarumbeta. Msicheke. Ninyi wenyewe wa kambi ya mgodi mliamini, na aliyewaaminisha ni mimi.

Habari yenyewe ilikuja hivi. Watu wale walipofika na kamba yao ya kupimia, kabla hawajajenga hata kibanda cha kuku, walipima makaburi. Arobaini! Hajafa mtu, hajaugua mtu, na tayari vigingi vimepigwa kwa mistari kama matuta ya viazi. Kwetu Usukuma mwenye mji akifa anazikwa nyumbani kwake, karibu na ng'ombe zake. Nani aliwahi kusikia kaburi linalomsubiri mtu? Basi ikasemwa kwamba makaburi yale ni lazima yajae, na ndiyo maana wamekuja na tarumbeta za shaba. Zikilia asubuhi, jioni mtu mmoja anakwenda kulala kwenye kigingi chake.

Hivyo ndivyo nilivyoisikia. Nilivyoisimulia ni jambo jingine. Mnanijua mimi Mabula, chumvi siweki kwa kijiko, naweka kwa koleo. Arobaini ikawa mia nne. Shaba ikawa pembe ya tembo yenye meno mdomoni. Na siku moja, ili kumtisha mpishi wetu Saidi aliyekuwa na dada upande ule, nikaongeza jambo nililolitunga palepale huku natafuna muhogo: kwamba siku tarumbeta inapolia, ndugu wa tumbo moja na yule anayeitwa akikanyaga ardhi ile kabla jua halijazama, inawachukua wote wawili. Saidi hakula siku ile. Sehemu yake tuliila sisi.

Jambo hilo la ndugu wawili mlishike, maana tutakutana nalo njiani.

Kaka yangu Masanja hakucheka hata mara moja. Mlimjua, mrefu, mpole, mchorongaji miamba miaka saba, mpaka vumbi likamkaa kifuani na kikohozi chake kikawa saa yetu ya kuamkia. Alipotuambia kwamba yeye na mkewe Kabula wanaacha mgodi waende Efrata, ndivyo walivyokiita kijiji chao, wakaungane na familia tisa zilizotoka Unyamwezi, mimi nilifanya nini? Nilipanda juu ya sanduku, nikakunja ngumi mdomoni, nikapuliza kama tarumbeta, nikaita, "Masanja! Kigingi cha kwanza ni chako!" Kambi nzima ililala chini kwa kicheko. Kaka aliviringisha mkeka wake, akaufunga vizuri kwa kamba, akaondoka na mkewe bila kuniaga. Tangu tuzaliwe hakuwahi kuondoka mahali bila kuniaga.

Baadaye barua yake ikaja, imeandikwa na mwalimu wa huko. Mimi nilikuwa nimeshahitimu shule yetu ya jioni, kwa hiyo niliisoma mwenyewe bila kumwomba mtu. Ilikuwa fupi. "Mdogo wangu, kifua kimenishinda. Njoo tuonane. Kama naweza kusafiri unipeleke Samuye kwa mama. Kama siwezi, njoo tu."

Wiki hiyohiyo mama naye alituma kutoka Samuye kikapu cha matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukaushwa, na agizo kwa mdomo wa mchukuzi: nusu yangu, nusu ya Masanja. Yangu ilikwisha siku ya pili. Ya Masanja nikaifunga kwenye kitambaa. Nikapanga kumwomba radhi kwanza, halafu nimpe matobolwa, halafu nimtoe kule hata kwa kumbeba mgongoni kabla hawajampulizia.

Rwamgasa mpaka kwenye tope

Niliondoka Ijumaa alfajiri. Wakubwa wa mgodi walikuwa na sikukuu yao ya siku nne, vinu vya kusagia mawe vimezimwa, na kambi yetu ya Rwamgasa ilikuwa kimya mpaka masikio yaliwasha. Nilipata lori lililobeba chumvi na majembe. Nilivaa kofia yangu ya kaki, ile niliyoachiwa na askari aliyerudi kutoka vitani, kwa sababu mtu aliyesoma hawezi kusafiri kichwa wazi.

Mvua za masika zilikuwa zimeigeuza mbuga kuwa uji. Lori lilizama kabla jua halijapanda vizuri, likazama mpaka nikawa na hakika kwamba tukingoja kidogo tutakuta dhahabu. Tukashuka, tukasukuma. Tukakata matawi, tukasukuma tena. Dereva alikaa ndani akituhimiza kwa sauti kubwa, kazi aliyoifanya kwa bidii kuliko sisi sote.

Upande wa pili wa mbuga palikuwa na miji ya wafugaji miwili mitatu na ng'ombe wengi wakila majani. Nikasimama juu ya shehena nikapunga kofia kuomba msaada. Ajabu! Watu wakatoka mbio, lakini si kuja kwetu. Wakawaswaga ng'ombe wote kichakani, na kwa muda wa kupika chai mbuga ikabaki tupu kabisa.

"Vua hiyo kofia," akaniambia abiria mwenzangu, mzee mwuza chumvi aliyeitwa Kisandu. "Wanadhani wewe ni bwana mifugo umekuja kuhesabu ng'ombe wapunguzwe."

Nikaivua. Baada ya saa nzima akaja mama mmoja, polepole, na kibuyu cha maziwa ya mgando, akanichungulia uso.

"Mwangaluka," nikamwambia.

"Mwangaluka. Wewe Msukuma?"

"Wa Samuye, mayu," nikamjibu, maana kwetu mama huitwa mayu.

"Mbona umevaa kama mwizi wa ng'ombe?" Kisha akageuka akaita wanaume waje kusukuma, nao wakaja wakicheka, na ng'ombe wakarudi malishoni kana kwamba hakuna lililotokea.

Tulikunywa maziwa yale tukiwa tumekaa kwenye magunia, ndipo mzee Kisandu akaniuliza ninakokwenda. Nilipotaja Efrata aliacha kunywa.

"Una ndugu kule?"

"Kaka yangu. Tumbo moja."

"Basi sikiliza, mwanangu. Mimi nauza chumvi tangu Geita mpaka Kahama, nasikia mengi. Wale watu wana pembe ya tembo yenye meno. Siku ikilia, usikanyage kule kabla jua halijazama. Ndugu wa tumbo moja, inawachukua wote wawili."

Maziwa yalinipalia. Mngetegemea nicheke, maana maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno, hata yale meno ya mdomoni. Lakini niambieni, mzee mtu mzima, mvi kichwani, hanijui simjui, ameyasikia Kahama! Nikajiambia, kumbe nilipotunga nilikuwa nimegusa ukweli bila kujua. Uongo wangu ulikuwa umetembea mbali kuliko mimi, na uliporudi na vumbi la njiani niliuamkia kama mgeni mwenye heshima.

Ushirombo

Tulifika Ushirombo Jumamosi mchana. Mji ulijaa watu wenye nguo zilizofuliwa, wengi wakielekea misheni kongwe ya Wakatoliki, kengele ikilia. Nikamwuliza fundi baiskeli mmoja, Athumani, kuna nini.

"Sikukuu yao," akasema. "Pasaka. Mimi Mwislamu, ila na mimi nafaidi. Kila mwenye baiskeli leo anataka breki."

Nilifurahi kwa ajili ya Wakatoliki nikasahau. Katika akili yangu madhehebu yalikuwa kama ngoma zetu, Bagika na Bagalu: wanachocheza hawa, wale hawachezi. Haikunipitia hata kidogo kwamba sikukuu ya Ushirombo inaweza kuwa sikukuu ya Efrata, na ya wakubwa wa mgodi pia. Nilikuwa nimehitimu kusoma na kuandika na hesabu za kugawanya. Hilo halikuwemo.

Athumani alinikaribisha ugali wa mtama na mlenda, mlenda mzuri ule unaovutika kutoka sahanini mpaka mdomoni bila kukatika. Nikamwuliza kuhusu Efrata.

"Wale? Nimewazibia baiskeli. Wanalima sana, wanaimba sana. Mwalimu wao, Yeremia, hajui kupandisha mnyororo."

"Na makaburi?"

"Makaburi yana nini?"

"Wameyapima kabla watu hawajafa."

Akanitazama huku akilamba kidole. "Na kwenu watu hawafi?"

"Wanafa, lakini..."

"Basi kula, bwana."

Huyo ndiye mtu pekee njia nzima aliyesema la maana, na mimi nilimhesabu kuwa mjinga kwa sababu hakuongeza chumvi. Nikachukua kitambaa changu cha matobolwa, nikashika njia ya miguu.

Ng'ambo ya mto

Jua lilipokuwa linashuka nilifika kwenye mto. Ni mto wa msimu, wakati wa kiangazi mbuzi anauruka, lakini siku ile ulikuwa mwekundu na mpana, umebeba matawi na povu. Ng'ambo, juu ya mwinuko, niliona paa za nyasi. Zilikuwa zimenyooka. Mistari miwili ya nyumba inatazamana, na njia katikati imenyooka kama fimbo, jambo ambalo macho yangu yalilikataa, maana kwetu kila mji unakaa unakotaka na kugeukia unakotaka.

Upande wangu wa mto palikuwa na nyumba moja, ya mama mmoja Msumbwa, mjane, jina lake Kalekwa. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa pa kulala jikoni na samaki wadogo wa kukaanga.

"Unaitwa nani?"

"Mabula, mayu."

"Jina la mvua! Basi kesho utavuka bila shida."

"Naogopa maji, mayu. Tangu utoto."

Alicheka mpaka akakohoa. "Mtoto wa mvua anaogopa mto!"

Alfajiri, mbingu ikiwa bado ya majivu, tarumbeta zikalia.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Zilikuwa tatu au nne, zikipishana na kukutana, zikitembea, maana mara zilikuwa upande huu wa kijiji mara upande ule, kana kwamba zinapita nyumba kwa nyumba zikimtafuta mtu. Nilikaa kwenye mkeka, mikono imeshika magoti. Zinamtafuta Masanja, nikasema. Zimefika mlangoni. Kisha zikatulia, na upepo ukaleta sauti za watu wengi wakiimba.

Nilitoka mbio mpaka mtoni. Mto ulikuwa umejaa zaidi. Nikamshukuru Mungu kwa hilo, na hili naliandika kwa sababu mmeniomba niseme yote: nilishukuru. Mtu ambaye mto umemzuia hana kosa. Nikakaa kwenye jiwe, nikaweka kofia yangu kichwani, nikatazama zile paa.

"Wanaimbia wapi, mayu?" nikamwuliza Kalekwa alipokuja kuchota maji.

Akasikiliza. "Makaburini."

Mnaona? Kila jibu liliingia mahali pake kama kigingi.

Ilipofika saa sita hivi maji yalikuwa yamepungua. Jiwe moja la kati likaonekana, halafu la pili. Kalekwa akajifunga kanga yake juu ya magoti.

"Mimi nakwenda. Kuna karamu leo, wanagawa chai na mikate kwa kila anayefika, hata sisi tusiosali. Njoo."

"Karamu ya nini?"

"Sijui yao. Twende, maji ni ya magotini."

Tarumbeta asubuhi, nyimbo makaburini, sasa chai kwa watu wote. Kwetu hayo yanaitwa matanga. Lakini kama bado hajafa, nilijiambia, basi ameshaitwa, na mimi nikikanyaga kule kabla ya jua kuzama tunakwenda wawili, na mama abaki na nani Samuye? Ndivyo nilivyosema moyoni: mama abaki na nani. Ukimpa mwoga sababu nzuri ataitumia kama godoro. Nikamwambia Kalekwa miguu inaniuma.

Alivuka. Nilimtazama akipanda mwinuko, mama mzee, bila kuangalia nyuma.

Niliketi pale peke yangu na hofu, na hofu inaleta njaa. Sikumbuki nilipofungua kitambaa. Nakumbuka mkono ukienda mdomoni. Nilipotazama chini, matobolwa ya Masanja yalikuwa yamekwisha, imebaki unga kwenye mikunjo ya kitambaa.

Kalekwa alirudi saa tisa haijafika, ameshika mkate mdogo wa mviringo, mtamu, unanukia. Akanipa.

"Nimewaambia nina mgeni mwoga mwenye kofia ya kaki. Kuna mgonjwa mmoja hakuweza kula wake, akasema mpelekee mgeni wako."

Nikaugeuza ule mkate mkononi. "Mgonjwa gani? Anaitwa nani?"

"Majina yao siyajui. Wote wanaitana ndugu, ndugu."

Ningeweza kuuliza: ni mrefu? Anakohoa? Mkewe ni Kabula? Maswali matatu tu. Sikuuliza kwa sababu nilijua jibu, na sikutaka kulisikia. Mkate wa mtu aliyeitwa na tarumbeta siwezi kuutia mdomoni. Kalekwa alipoingia ndani niliuvunjavunja nikautupa majini, na samaki wadogo, ndugu zao wale niliowala jana, wakaugombania.

Saa kumi tarumbeta zikalia tena. Safari hii hazikutembea. Zilisimama mahali pamoja zikapiga wimbo mmoja, taratibu, mpaka mwisho, halafu kimya. Niliona watu wakitoka majumbani kwa haraka, wote wakielekea upande mmoja.

"Amekwenda," nikasema.

"Nani?" akauliza Kalekwa.

Nikavuta kofia mpaka machoni. Na sikuvuka. Nilingoja jua lizame, na lilipozama nikasema kumeshaingia giza, nitavuka kesho.

Efrata

Jumatatu nilivuka asubuhi. Maji hayakufika hata magotini.

Walikuwa wamemlaza Masanja katika nyumba yake mwenyewe, nyumba aliyoijenga, udongo wake bado una alama za viganja vyake. Alikuwa amekonda akawa kama kijana mdogo. Shemeji Kabula aliponiona aliinuka, akanishika mikono yote miwili, akalia kwa sauti, nami nikalia. Mimi Mabula ambaye huwa nalia kwa kelele mpaka mbwa wanajibu, nililia bila sauti.

"Lini?" nikamwuliza.

"Jana."

Zaidi ya hapo sikuuliza. Nilidhani najua mengine.

Mwalimu Yeremia alikuwa mtu mfupi, mkono wake mgumu kama wa mchimbaji. Nikamweleza kwamba mama yetu angependa mwanawe azikwe Samuye. Akasema anaelewa, lakini jua na masika haviruhusu, na Masanja mwenyewe alisema azikwe pale. Kisha akanipeleka nipaone. Nilikwenda nikihesabu. Vigingi vilikuwa vingi kweli, wanaume upande wa kulia, wanawake upande wa kushoto, nafasi zote sawa. Yalikuwepo makaburi mawili tu, la mtoto mchanga na la bibi mmoja aliyetoka nao Unyamwezi, na juu ya kila moja jiwe bapa, dogo, limelala chini.

"Jiwe la mkubwa ni lipi?" nikauliza.

"Hakuna la mkubwa. Yote sawa, na mtu analala karibu na aliyemtangulia, si karibu na ukoo wake."

"Mwalimu, kwa nini mlipima makaburi kwanza?"

Akakuna kidevu. "Kwanza? Tulipima kisima, shule, kanisa, njia na makaburi. Vyote siku moja. Kaka yako hakuwapo, lakini alipokuja alishika ncha ya kamba tulipoongeza viwanja. Alisema mdogo wake anajua hesabu, angetusaidia."

Tulimzika mchana ule. Tarumbeta zilikuwepo, niliziona kwa karibu, za shaba, moja imebonyea ubavuni. Hazikuwa na meno. Ile iliyobonyea hakuna aliyeipiga, iliwekwa juu ya mkeka wa kaka. Ndipo nikajua kwamba Masanja naye alijifunza kupuliza, kifua kile kilivyo, mpaka kilipokataa. Ule mkeka niliujua. Ulikuwa umefungwa kwa kamba ileile.

Watu walinipa chai, viti, maneno mema. Kila mtu aliniita ndugu. Hakuna aliyeniuliza nilikuwa wapi jana, na mimi nikalichukua hilo kuwa bahati.

Samuye

Kabula alitaka kwenda kumpa mkwewe habari mwenyewe, kwa hiyo tulisafiri pamoja, kwa miguu mpaka Ushirombo, halafu lori mpaka Kahama, halafu lori jingine. Athumani fundi baiskeli alitusindikiza mpaka kwenye lori, akanipa mkono. Kahama tulilala kwa jamaa zake Kabula. Njia nzima tuliongea kidogo. Mara moja aliniuliza kama kofia ile nimekuwa nayo siku nyingi. Nikamwambia tangu vita viishe. Akatikisa kichwa.

Mama alituona tukiwa bado mbali. Aliona tuko wawili na jinsi Kabula alivyojifunga kitambaa cha msiba, akaketi chini palepale alipokuwa, katikati ya mtama. Sitaandika kilio. Ninyi nyote mna mama.

Siku ya tatu, watu wakiwa wamepungua, mama aliniita karibu yake. Kabula alikuwa kizingitini akichambua majani ya kunde.

"Mlionana?"

Ningeweza kusema kweli. Nilifungua mdomo kwa nia hiyo, lakini mdomo wangu una desturi zake.

"Tulionana, mama. Tarumbeta yao ilimwita Jumapili asubuhi. Ninyi huku hamjui, ile ikishamwita mtu hakuna dawa. Nilikimbia nikavuka mto uliojaa, maji shingoni, nikamshika mkono. Mpaka jioni ilipomchukua, nilikuwa nimemshika mkono."

"Alisema nini?"

"Alinisamehe."

"Na matobolwa? Aliyala?"

"Aliyala yote, mama. Akasema matamu."

Mama alifunga macho, na kwa mara ya kwanza tangu tufike alipumua kama mtu anayepumua. "Basi," akasema. "Basi, mwanangu." Akalala.

Kabula aliacha kuchambua. Alichukua ungo wake akatoka, nami nikamfuata mpaka nyuma ya nyumba, kwa sababu nilijua nimepewa ishara. Hakunikasirikia. Angenikasirikia ningeandika haya kwa urahisi zaidi.

"Shemeji," akasema, "mama sitamwambia. Kama amepata usingizi, alale. Lakini wewe umesema kitu pale ndani, na naona unakiamini."

"Kitu gani?"

"Kwamba alikuwa ameitwa." Akaweka ungo chini. "Yule mama wa ng'ambo alipotuambia ana mgeni mwenye kofia ya kaki anayeogopa maji, kaka yako alisema, huyo ni Mabula. Nikataka kutuma mtu akuvushe. Akanikataza. Akasema usimwaibishe mbele ya watu, maji yakipungua atavuka mwenyewe. Ule mkate ulikuwa wake."

Nikawaona tena wale samaki wakiugombania.

"Tarumbeta haimwiti mtu, shemeji. Mtu akishafariki ndipo wanapiga, ili walioko mashambani wajue, waache majembe, waje. Ile ya asubuhi ilikuwa ya Pasaka. Walikuwa wanapita kuamsha watu waende ibadani makaburini, ndivyo tunavyoianza Pasaka. Masanja alikuwa hai. Nilimtoa nje, akakaa mlangoni anatazama mtoni, mpaka saa tisa."